Mnara Kwanza, Mapanga Baadaye

Huku Denmark mitambo ya upepo imesimama katikati ya ngano, na mkulima analima hadi karibu na msingi wa mnara. Ndugu zetu wakija matembezi hupiga picha na kuuliza kwa nini kwetu hakuna. Upepo tunao, wala haubishaniwi: pale Loiyangalani, Kenya, ipo mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ila ule ni umeme wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Mwenye ekari tano na kisima, anayetaka mtambo mdogo wa kwake, ana hesabu nyingine kabisa.

Mkulima wa huku aliyeunganishwa na gridi hahitaji betri. Upepo ukizidi anauza, ukipungua ananunua. Kwetu, gridi ikiwa mbali, kila wati lazima lipite kwenye betri, na betri ndizo zinazokula pesa.

Halafu kuna kile kibandiko cha wati 1,000 kwenye mtambo mdogo. Hicho hupimwa kwenye upepo wa mita 10 hadi 12 kwa sekunde. Kasi ya upepo ikishuka nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane, kwa hiyo mapanga (yale mabawa yanayozungushwa na upepo) yenye kipenyo cha mita 3, kwenye upepo wa mita 5, hutoa kama wati 150 tu. Muuzaji hatakwambia hilo. Ndiyo maana naona ni upuuzi kufunga mtambo juu ya paa: upepo pale umevurugika, na mtikisiko unalegeza boliti na kuchosha beringi. Ncha ya chini ya panga iwe juu ya miti na majengo ya jirani kwa mita 10 hivi. Pesa zikipungua, punguza ukubwa wa mtambo, usikate mnara.

Chaji kontrola ya sola, kile kifaa kinachozuia betri kujaa kupita kiasi, haifai hapa. Paneli ukiikata kwenye betri inatulia; mtambo wa upepo ukikosa mzigo, yaani kitu cha kupokea umeme wake, unakimbia hovyo, volti zinapanda, na mapanga yanaweza kupasuka. Lazima kuwe na hita ya kumeza umeme wa ziada betri zikijaa, yenye uwezo unaozidi ule wa mtambo. Weka pia swichi ya breki kabla ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC), inayounganisha pamoja nyaya tatu za jenereta ili mapanga yasimame. Breki hiyo itumie upepo ukiwa mdogo. Ukisubiri dhoruba unaweza kuunguza koili.

Waya nao: wati 1,000 kwa volti 24 ni karibu ampea 42. Kwa volti 48 ni 21, na umeme unaopotea kwenye waya uleule unabaki robo.

Wastani wa upepo ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde, nunua sola, achana na habari za minara. Upime mwaka mzima, kwa urefu ule ule wa mnara, maana kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, likivuma kila mtu anajiona tajiri wa upepo, na upepo hafifu wa matlai ukija betri zinalala tupu. Wa pwani anayechanganya sola kidogo na upepo hukosea mara chache.

Huku fundi wa matengenezo anakuja kwa mkataba. Kwetu fundi ni wewe, basi chagua mnara wa kulaza wenye bawaba chini. Ulaze kabla ya kusi kuanza: kaza boliti, tia grisi, kagua nyaya za kushikilia mnara, na uunyooshe waya wa umeme uliojisokota ndani.