Mwacheni Iris Tree na nywele zake

Juzi kuna mtu kwenye kundi letu la wapenda sanaa kaweka picha ya Iris Tree, mshairi Mwingereza, chini yake kaandika: "Mrembo aliyewatoa akili wachoraji wa London." Vikopa vyekundu kibao, watu wakapita. Nikajibu mistari miwili, nikaambiwa nina hasira. Ninazo, ndiyo, na mistari miwili haikunitosha.

Huyo "mrembo" alizaliwa London Januari 1897. Baba yake ni Sir Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji aliyekuwa na ukumbi wake wa maonyesho mjini humo. Mama yake mwigizaji. Baba yake mdogo ni Max Beerbohm, mchora vibonzo ambaye wakubwa walimcheka mbele za watu na kumwogopa faraghani. Iris mwenyewe alisomea uchoraji Slade, chuo cha sanaa cha London. Yaani binti huyu, wakati anakaa kwenye kiti achorwe, tayari anajua penseli inashikwaje na pua ya mtu inapimwaje kwa jicho. Hili huwa halisemwi. Husemwa macho yake ya buluu.

Mwaka 1915 akakaa mbele ya wachoraji watatu kwa mpigo: Vanessa Bell, Duncan Grant na Roger Fry. Binti mmoja, turubai tatu. Tafuteni picha hizo mziweke pamoja kwenye simu. Utadhani ni wanawake watatu waliokutana harusini na hawajatambulishana. Kama kweli aliwatoa akili, basi akili ya kila mmoja ilitokea mlango wake. Picha zile zinatueleza Bell alikuwa anatafuta nini kwenye rangi, Grant anatafuta nini, Fry naye vilevile. Habari za Iris mle ndani ni chache mno, na bado ndizo tunazozitumia kumweleza hadi leo.

Na msiniambie alikuwa amekaa tu. Asiyejua kwamba kutulia ni kazi ajaribu nusu saa kwenye kigoda, kidevu juu, shingo upande, asijikune. Mguu unakufa ganzi, pua inawasha, chai inapoa pembeni. Mchoraji akichoka anaweka brashi chini, anajinyoosha, anavuta sigara. Wewe ukichoka unaambiwa, "kidogo tu, namalizia." Halafu picha ikitundikwa ukutani, jina kubwa ni la aliyeshika brashi, na wewe unageuka kuwa kitu kilichomjia mwenzio kichwani. Mwaka 1916 mashairi ya Iris yalikuwemo kwenye mkusanyiko ulioandaliwa na mshairi Edith Sitwell, na mwaka 1920 akatoa kitabu chake mwenyewe. Sasa waulize hao wenye vikopa vyekundu kama wamesoma hata ubeti mmoja.

Wanachokikumbuka ni nywele. Mwaka huohuo wa 1915 mchongaji Jacob Epstein alimtengeneza kichwa cha shaba, na kwenye shaba ile nywele ndizo zinazokupokea kabla ya uso: fupi, laini, zimenyooshwa hadi kwenye paji la uso, hakuna unywele uliochomoza. Inasemekana zile zilizokatwa aliziacha kwenye treni. London ikashikwa na kiherehere: binti wa Sir Herbert, kichwa kama hicho!

Sir Herbert huyohuyo alikuwa na nyumba ndogo Putney, mtaa wa London, kwa May Pinney, na huko akapata watoto sita. Nimesema sita. U-Sir, cheo cha heshima cha mfalme, alipewa mwaka 1909 na alizikwa nao. Mmoja wa watoto wa Putney, Carol Reed, akaja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu, naye akapewa u-Sir mwaka 1952. Sina neno naye, mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa. Neno langu ni kwa mji ule. Watoto sita uliwameza bila maji, mkasi wa binti ukaukwama kooni. Na sisi, miaka mia na ushei baadaye, tunaisimulia kashfa ya nywele kana kwamba ndiyo iliyokuwa kashfa ndani ya ukoo ule.

Haya, pesa. Najua mtaniletea hiyo, na shingo upande nawapa. Iris angeweza kunyanyuka kitini akaenda zake na usiku angekula. Betty May, ambaye naye Epstein alimtengeneza kichwa, alitoka kwenye umaskini wa Limehouse, mashariki ya London. Kwake kukaa mbele ya wasanii kulihusu mkate na kodi ya chumba. Ukitaka kunililia kuhusu haki ya wanaochorwa, anza na Betty, sitakubishia. Na uigizaji wa Iris sitaupamba: alizunguka Marekani miaka ya 1920 na mchezo wa mwongozaji Max Reinhardt, yeye na rafiki yake Diana Cooper, lakini jukwaa halikumfanya nyota. Waume wawili, watoto wawili wa kiume. Hayo nayaruka makusudi, maana kila mahali yameandikwa kwa urefu kuliko mashairi.

Mwaka 1960 mwongozaji Mwitaliano Fellini alimweka kwenye filamu yake La Dolce Vita, kwenye karamu nyumbani kwa Steiner. Hakupewa mhusika wa kuigiza; alikuwa Iris Tree, mshairi, mama wa miaka sitini na ushei aliyeketi na kuongea. Filamu hiyohiyo watu wote wanaikumbuka kwa Anita Ekberg ndani ya maji ya chemchemi. Mwaka 1966 akachapisha shairi refu, na Aprili 1968 akafariki. Anayetaka kumwandika tena kwenye kundi letu aanzie kwenye shairi hilo, arudi kwenye kitabu cha 1920, halafu kwenye nywele aje mwisho, kama nafasi itakuwa imebaki.