Mto Uliohamishwa kwa Kamba ya Manila

Ukisoma Sayansi ya Mazingira shahada ya kwanza, jiandae kuitwa majina. Nyumbani Songea mjomba alinitambulisha kwa wageni kuwa niko Dar "nasomea usafi". Shangazi akauliza kwani siku hizi kufagia nako kuna digrii. Balozi wetu wa nyumba kumi, kila nikirudi likizo, ananipeleka kuangalia choo chake kilichojaa, na mimi nasimama pale nikitikisa kichwa kama daktari wa wodini. Nimewaeleza mpaka nimechoka: tunasoma kemia ya maji, ikolojia, udongo, takwimu, ramani, sheria. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananipa fagio.

Kwa hiyo nilikuwa na kiu ya kukutana na watu wanaoielewa kozi yangu. Nikakutana nao bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo. Waliielewa kuliko mhadhiri.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mhadhiri akatugawa makundi, kila kundi na kipande chake cha mto: nyoosha mstari wa mita 60 kutoka ukingoni, kila baada ya mita 10 weka fremu ya mraba, hesabu mimea iliyomo, andika na kinachofanyika hapo. Chota na maji ya mto kwenye chupa za kioo. Basi. Matete, mchicha, magugu, chupa, rudini.

Tepu ndefu ya idara ilikuwa imechukuliwa na kundi lingine. Kiongozi wetu, tuliyemwita Dokta kwa tabia yake ya kujibu maswali ambayo hajaulizwa, akanunua kamba ya manila na kuipiga fundo kila mita 10. Ni yeye pia aliyeazima rifleketa, "ili tuonekane tuko siriasi". Na ni yeye aliyebeba kopo la spreyi nyekundu, la kuwekea alama pale mafundo yatakapoangukia.

Msomaji wa Dar ameshaanza kucheka. Kwa ambao hawakuwepo: Desemba 2015 bomoabomoa iliingia bonde lile, na Januari iliyofuata nyumba zikawa zinaandikwa X nyekundu. Ukiamka ukaikuta ukutani kwako, unaanza kutafuta gari la kubeba kabati. Sasa pata picha, miaka michache baadaye: vijana sita, rifleketa, kamba, madaftari, rangi nyekundu.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mama lishe aliyekuwa anageuza chapati kando ya njia.

"Marahaba mwanangu. Mnabomoa lini?"

"Hatubomoi mama. Tunahesabu magugu."

Akaiacha chapati ikaungua. "Serikali itume watu sita wazima kuhesabu magugu?"

Fremu ya kwanza ilitua kwenye tuta la mchicha la mzee mmoja. Nikachuchumaa nihesabu mashina. Mzee akachuchumaa upande wa pili, akahesabu na yeye, kwa sauti. Mimi nikapata 31, yeye 40. Akanitazama usoni, akainamisha kichwa kunisogelea: "Fidia inalipwa kwa shina au kwa tuta?" Nikamwambia hakuna fidia. Akasema basi iandike hiyo 40, itakusaidia wewe mwenyewe. Tulivutana, tukamalizana kwenye 36. Hiyo 36 ipo kwenye ripoti mpaka leo.

Habari zilikwenda mbele yetu. Tulipofika fundo la tatu tayari tulikuwa na msafara. Kaka mmoja akanivuta pembeni kunionyesha nyumba ya jirani yake: "Bomba la choo chake linatiririkia mtoni usiku, huyo muandikeni X mbili." Mpangaji mmoja akatuomba tuandike nyumba anayokaa, kwa sababu mwenye nyumba kampandishia kodi. Mama lishe akatuletea chapati na chai ya rangi, akakataa hela, ila akatuomba ile kamba ipite nyuma ya banda lake, siyo mbele. Nisiseme uongo, chapati tulikula.

Fundo la sita, la mwisho, liligusa ukuta wa nyumba ya bibi mmoja. Hapakuwa na mti wala jiwe la kuweka alama. Dokta akatikisa kopo. Ile gololi iliyomo ndani ililia krakra, krakra, na minong'ono yote ikakatika. Tulimwambia aweke nukta. Nukta tu! Dokta akaweka X, yenye ukubwa wa sinia, rangi ikichuruzika chini ya ukuta mpaka kwenye ndoo ya maji.

Bibi akatoka, kajifunga kanga, ufagio mkononi. Hakupiga kelele. Akautazama ukuta, akamtazama Dokta, akauliza taratibu, "Baba, hili umeamua mwenyewe au umetumwa?"

"Tumetumwa, bibi."

Alimaanisha tumetumwa na mhadhiri. Lakini kuna nyakati mtu hapewi nafasi ya kumalizia sentensi. Walioanza kupiga kelele ni akina mama wa nyuma, vijana wa kijiweni wakafunga njia, na dakika chache baadaye tulikuwa tunaongozwa kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kamba yetu ikiburuzwa na watoto.

Mwenyekiti alikuwa mtu mtulivu. Akaomba barua ya utambulisho. Tukashusha pumzi, maana barua tulikuwa nayo, ina mhuri na kila kitu. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ili watu waliojaa dirishani wasikie: "Wanafunzi waliotajwa watafanya tathmini ya shughuli za binadamu zilizomo ndani ya mita 60 za hifadhi ya mto..."

"Si nilisema!" sauti ya mama lishe ikatoka nje. "Na chapati zangu wamekula!"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kimya kitawale, akaelekeza kidole kwenye chupa zetu. "Na haya?"

Dokta akakaa sawa. Akaeleza kuwa maji hayo yatalazwa gizani siku 5, kwenye joto la nyuzi 20, halafu tupime vijidudu vimetumia oksijeni kiasi gani, na hapo ndipo tutajua uchafu ulivyo.

"Nyuzi 20," mwenyekiti alirudia. "Yaani maji ya Msimbazi yanalala kwenye ubaridi. Nyie mnalala wapi?"

"Hosteli, mwenyekiti. Tunabebana."

"Wangapi?"

"Wawili kitanda kimoja."

Akavua miwani. Akatuangalia mmoja mmoja, akashuka mpaka kwenye viatu, akakaa hapo kwa muda. Kisha akauliza swali moja tu, la hela ya mkopo wa wanafunzi: "Bumu limetoka?"

"Bado!" tulijibu wote sita kwa pamoja, kwa uchungu ambao hakuna ofisa wa serikali anayeweza kuuigiza. Dirishani mtu mmoja akasema, "Hawa ni wanafunzi kweli, waachieni."

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, X itoke. Spreyi haitoki kwa maji wala sabuni, kwa hiyo tukachanga hela ya chokaa. Ukipaka chokaa kipande kimoja, kile kipande kinaonekana zaidi ya X yenyewe. Tukapaka ukuta mzima. Bibi akaona ukuta wa mbele umependeza kuliko wa pembeni.

Sharti la pili, kamba ipimwe upya mbele ya mashahidi. Kijana mmoja wa kijiweni akajitolea kushika ncha ya mtoni. Tukavuta. Safari hii fundo la sita likaishia mbali na nyumba ya bibi, katikati ya matuta ya matembele, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipogeuka ndipo nikamwona yule kijana. Alikuwa ng'ambo. Alikuwa amevuka ule mto, na ule unaujua ulivyo, maji yakimfika magotini, akasimama kwenye ukingo wa pili ameshika ncha ya kamba na kutupungia.

Hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti aliandika vipimo, sisi tukaandika vipimo. Mhadhiri alipoirudisha ripoti alikuwa amezungushia fremu ya kwanza ya kipimo kipya wino mwekundu, pale tulipoandika "mimea: hakuna, shughuli: maji yanapita", akauliza pembeni: "Mto wenu una kingo ngapi?"

Bibi alichukua namba yangu. Kipindi cha mitihani akanipigia, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, kuna bwana hapa kaja na mashine ya miguu mitatu, anasema niko ndani ya mita 60. Nimemwambia mimi nimeshapimwa na watu wa chuo, niko nje. Hebu ongea naye, mwambie kamba yako ilisemaje."

Nikasikia simu inapokezwa, na sauti nzito ya kiume ikasema, "Haloo?"

"Haloo, haloo," nikajibu, nikiitafuta pini ya kutolea laini. "Mtandao huku unasumbua sana."