Ile video ya Wifi, naomba niseme mwenyewe

Ile video inayozunguka tangu jana jioni, ninayoburuzwa na ng'ombe wangu Wifi, imekatwa. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, simtaji jina, ila ana gesti pale njia panda na supu ya Krismasi kwangu asiitegemee. Ameanzia pale ninapopita migombani kwa tumbo, akaruka sehemu yote inayoonyesha kwamba nilianza vizuri. Nilianza vizuri jamani. Mama Ivan ni shahidi, ingawa kwa sasa hana msaada. Kila akinitazama anakimbilia jikoni.

Mnaonifuata mnawajua mitamba wetu wawili, yaani ng'ombe jike ambao bado hawajazaa, chotara wa Friesian, tuliowaleta hapa Kibosho, Kilimanjaro, baada ya kuhama Dar na kujitangaza wafugaji. Walitoka shamba kubwa la huko tambarare, wamekua huru, mkono wa binadamu waliujua siku ya sindano tu. Mmoja mpole, Neema. Wa pili aliteremka kwenye Canter na hereni yake ya chanjo ya ndigana kali sikioni, akatukagua kuanzia viatu hadi kichwani, akageuza shingo pembeni. Mama Ivan akasema, "Huyu ni wifi kabisa." Jina likakaa. (Wenye utani wa mtandao kukatika, nimewasoma wote. Inatosha.)

Kuwazoesha tulikwenda nako taratibu. Nilikuwa nakaa bandani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nawasomea gazeti kwa sauti, kurasa za michezo hasa, wazoee sauti yangu. Ikafuata pumba yenye molasesi kiganjani. Ikafuata burashi: shingo, mgongo, mpaka kwenye shina la mkia, ambako Wifi akikunwa hufumba macho na kusahau kwamba ananidharau. Kisha hatamu. Unamwachia aburuze kipande cha kamba humo humo bandani, akiikanyaga anavutika kichwa, akisogea inalegea. Hapo anajifundisha mwenyewe kwamba kamba haishindani, inafuatwa. Yote hayo nilielekezwa na bwana mifugo, na yote yalifanya kazi. Akaongeza na moja, kwa mkazo: kamba ya ng'ombe usijizungushie mkononi hata siku moja.

Ndugu zangu, mkononi sikujizungushia.

Sasa, usiku wa kuamkia jana Wifi hakulala. Alilia mpaka alfajiri. Majani yake ya mabingobingo hakuyagusa, kazi yake ikawa kumpanda Neema mgongoni, Neema anakwepa, banda zima linatikisika. Asubuhi mzee jirani akachungulia uani akasema, "Baba Ivan, mtamba wako ana joto."

Nikamshukuru sana. Nikampelekea Wifi ndoo mbili za maji baridi, nikang'oa na ubao mmoja wa ukuta apate upepo. Mzee alisimama pale pale, akautazama ubao, akanitazama mimi, akaondoka zake bila kuaga. (Mnaocheka, mwaka jana na nyie mlikuwa mnanunua maziwa ya pakiti kama mimi.)

Nikaona mtoto wa watu labda anahitaji kutembezwa. Na kwa kuwa nilishawaahidi somo la kumwongoza mtamba kwa kamba, nikaingia mubashara: simu mkono huu, ndoo ya pumba mkono huu. Kamba ikakosa mkono. Nikaifunga kiunoni, kwa lile fundo la skauti ambalo sifa yake ni kwamba halifunguki.

Hatua za mwanzo zilikuwa tamu. Mliokuwepo mlinisikia nikisema, "Mnaona? Mnyama anataka upendo tu." Ndipo huko bondeni, ng'ambo ya mfongo wetu, mfereji wa maji ya mlima, dume la watu likanguruma.

Wifi alipimwa uzito kwa utepe wiki iliyopita: kilo 270. Mimi 68, na buti zikiwemo. Kahawa ya mzee jirani tuliipasua katikati. Migomba hiyo ndiyo mliyoiona mkaiwekea na muziki. Kwenye mfongo niliingia upande mmoja nikatokea wa pili bila kuogelea, na simu ikabaki humo.

Ambacho mwenye gesti hakukirekodi, kwa sababu alikuwa amekaa chini anashika mbavu, ni kwamba kwenye boma lenye lile dume kulikuwa na jubilei ya ndoa ya wazee. Desemba hii mnaijua Kibosho: kila uwanja una turubai, magari ya Dar yamepangwa mpaka barabarani. Wifi akapita katikati ya wageni, juu ya zulia jekundu, moja kwa moja kuelekea zizini nyuma ya turubai. Mimi nikafuata, kifudifudi. Nikasema hodi. Watu wakajibu karibu, kwa mazoea.

Akafika zizini, akasimama. Huyu ambaye kumsimamisha apigwe burashi ni kikao, alisimama tuli, mkia kauweka pembeni. Kamba ikawa imezunguka nguzo, fundo limenywa maji ya mfongo na kukaza, na mimi nimebanwa kati ya mbavu zake na mbao. Juu yangu kikatokeza kichwa cha dume. Pua nyeusi, imelowa, ina vitone vya jasho vilivyopangika, na chini yake uzi wa mate unashuka polepole. Nikautazama ule uzi. Ukarefuka. Nikajaribu kuhamisha sikio, kamba ikakataa. Ukatua ndani ya sikio, wa moto. Kisha dume likaanza kunusa. Likamnusa Wifi, likaja kwangu: nywele, shingo, kola ya shati. Likarudi kwa Wifi. Likarudi tena kwangu. Likainua kichwa, likakunja mdomo wa juu mpaka fizi zote zikawa nje, likabaki hivyo limefumba macho, linatafakari. Nikaelewa kwamba kuna hesabu inapigwa kati yetu wawili na mimi sijatolewa bado.

Katika ukimya ule nikasikia kipaza sauti cha MC: "Wapendwa wageni waalikwa, upande wa bibi harusi sasa umewasili."

Turubai zima vigelegele. Mpiga kinanda naye akatia mkono.

Kisu kilichokuwa karibu kilikuwa cha ndafu, kimefungwa utepe mwekundu, na aliyekuja nacho ni mzee mwenyewe wa jubilei, suti ya kijivu, ua kifuani. Nikamwambia shikamoo. Akasema, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikasema sijambo. Akaanza kukata. Kamba ya nailoni kwa kisu cha nyama inachukua muda, na muda wote huo mate yaliendelea kushuka.

Mengine ni mafupi. Dume halikupata kitu. Bwana mifugo alipigiwa, akasema ukiona dalili za joto, yaani kutaka dume, alfajiri, unahimilisha jioni. Jioni akafika na mbegu za dume kwenye mtungi wake wa naitrojeni, akamaliza kazi kabla chai haijapoa, tunasubiri siku 21 tuone kama Wifi atarudia joto. Kahawa ya mzee nimelipa. Ubao nimeurudisha. Mgongo unapakwa dawa, na hapa naandika kwa simu ya Mama Ivan.

Kinachoniuma sasa ni dada yangu wa Dodoma, wifi halisi, ambaye habari za jina hili hakuwahi kuzisikia mpaka mwenye gesti alipoandika chini ya video, "Wifi kampeleka kaka mtu kwa dume." Alipiga saa mbili usiku, hakusalimia. "Kwa hiyo mnanitafutia mchumba bila kunishirikisha?" Akaomba apewe Mama Ivan, na Mama Ivan ghafla akawa anaoga. Keshokutwa dada anapanda basi kuja Krismasi. Jina lazima libadilike kabla hajashuka njia panda, kwa hiyo leteni mapendekezo, ila aliyeandika "Mama Mkwe" nimeshamfungia.