Vidonge viwili na mkasi

Mara ya kwanza kununua paracetamol Uingereza nilikasirika. Nilichukua pakiti tatu, nyingine za kumpelekea shangazi Tanga, dada wa kaunta akairudisha moja chini ya meza. Mbili tu, akasema. Nikatoka nanung'unika: dawa ya kichwa nayo inalindwa kama bunduki?

Hasira ile iliniisha mwenzangu tuliyepanga naye nyumba alipougua jino. Daktari wa meno hapatikani mpaka wiki ijayo, maumivu hayamwachi alale. Akawa anameza paracetamol kila yakirudi, na usiku anakoroga dawa ya mafua ya unga. Hakujua kwamba ndani ya ule unga mna paracetamol ileile. Siku ya tatu tukapiga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya huku. Waliuliza amemeza vidonge vingapi na saa ngapi, kisha wakatuambia twende hospitali sasa hivi. Yeye anabisha, ana kichefuchefu tu! Walimtoa damu, wakamwekea dripu ya acetylcysteine, dawa ya kuzima sumu ya paracetamol, mpaka kesho yake. Akapona.

Nilielezwa palepale kitandani kwake. Sehemu ndogo ya paracetamol hugeuka sumu ndani ya ini, na ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Ukizidisha, akiba inakwisha, sumu inalirudia ini lenyewe. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji wa pombe wa kila siku awe mwangalifu zaidi. Kinachonitisha ni ukimya wake: leo unatapika, kesho unajiona una nafuu, keshokutwa macho ya manjano. Aliyemeza nyingi kwa mkupuo, dripu humfaa zaidi ikianza ndani ya saa 8. Ukingoja uumwe ndipo uende, umechelewa.

Sasa nyumbani. Dukani kwa Mangi unaomba mbili, anachukua mkasi, anakata, unaondoka. Sipingi kuuza mbili mbili, wengi mfukoni wana hela ya hizo tu. Tena Waingereza wenyewe walipunguza ukubwa wa pakiti mwaka 1998, vidonge 16 kwa duka la kawaida na 32 kwa famasi, na vifo vya dawa hii vikapungua. Kasoro yetu ni kwamba mkasi unakata na jina. Huku kila pakiti imeandikwa usimeze pamoja na kitu kingine chenye paracetamol. Kwetu dawa zinaitwa "za kichwa", "za mgongo", "za mafua", na mtu anameza zote tatu akijua ni dawa tatu. Macho yakigeuka manjano, ndugu wanauliza alikula nini na kwa nani. Vidonge haviulizwi. Muuza duka akiandika jina na idadi kwenye kijikaratasi, hata cha daftari, atakuwa ametenda kazi ya pakiti nzima.

Jumapili nilimpigia shangazi kwa video, nikamwomba anionyeshe anazomeza. Za mgongo nilizitambua, diclofenac iliyochanganywa na paracetamol. Kisha akanyanyua kipande kingine, kimekatwa pembe, kimebaki kidonge kimoja. Kwa nyuma herufi zilizosalia ni MOL.

"Hii inasemaje, mwanangu? Miwani sina."