Meseji ilifanya kazi Lindi sawa, ila boksi la dawa alibeba nani?

Juzi hapa Mtwara tumebishana na jamaa yangu mmoja, yeye anasema hizi teknolojia za afya zipimwe chapchap zianze kutumika, maana ukisubiri majaribio ya miaka mitatu simu yenyewe ishapitwa na wakati. Mi nilikuwa upande wa pili, lakini kusema kweli ana hoja na mfano wake uko jirani tu hapo Lindi.

Mwaka 2009 mpaka 2010 kulikuwa na mradi wa SMS for Life, wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 kwa wiki 21. Kila wiki meseji inaingia kwenye simu ya mhudumu, anajibu dawa za malaria zimebaki ngapi, akijibu kwa wakati anarushiwa vocha. Basi. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa za malaria vilianza 78% vikaishia 26%, na Lindi Vijijini ilipofika wiki ya 8 tatizo lilikuwa limeisha. Na simu zenyewe za batani!

Sasa ndo nikamuuliza, kaka, meseji inabeba vidonge? Meseji inamwonyesha DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, namba tu, halafu lazima mtu atoe boksi zahanati iliyojaziwa alipeleke kwa isiyo nacho. Na kama Lindi walimaliza huku jumla ya wilaya zote tatu imebaki 26%, maana yake wenzao bado walikuwa wanakosa, simu ni zilezile meseji ni ileile. Hapo kilichopimwa ni simu au ni watu wa wilaya? Mi naona watu, ila bila kundi la kulinganisha hata mimi nabashiri tu.

Ndo maana nawakubali wale wa Zanzibar waliofanya Wired Mothers, wajawazito 2,550, vituo 24 vikagawanywa kwa kura, wengine wakapata meseji na vocha ya kumpigia mhudumu na wengine huduma ya kawaida. Waliojifungua na mtaalamu ni 60% kwa waliopata meseji, 47% kwa wengine. Safi, ila walipochambua zaidi wakakuta walionufaika ni wa mjini, wa shamba hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hesabu za chapchap hiyo usingeiona, na sisi wa Newala na Tandahimba ndo hao wa shamba, simu ya mume, chaji mpaka dukani.

Lakini hata majaribio makubwa yana upofu wake. Zahanati moja huku nilimkuta nesi kamaliza foleni saa tisa, kafungua vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, kidole kwenye mstari, anahamishia jina moja moja kwenye kishikwambi chenye chaji 11%. Akaniambia, "Hiki kimekuja kunipunguzia kazi, ndo maana naifanya mara mbili." Hayo masaa yake nani anayaweka kwenye ripoti?

Kwa hiyo kuhesabu stoo pimeni haraka, mkikosea wiki ijayo mtajua, ila ukija kudai teknolojia yako inaokoa mama na mtoto leta kundi la kulinganisha, na kote kuwili hesabu na muda wa nesi. Jamaa akacheka, akasema mfadhili gani atatoa hela ya kuhesabu masaa ya nesi. Hapo kanipata.