Siku niliyooka skonzi kwenye oveni ya bangi

Kwanza niweke wazi, mi sivuti. Sijawahi. Nimekulia Mbeya kwa mama wa kwaya, nyumba ambayo hata mgeni akija na sigara anaizimia getini. Weka hilo akilini halafu nikusimulie nilivyokuja kujikuta Denver, Colorado, nimevaa glavu za jikoni, nanuka bangi kuanzia nywele mpaka soksi, navutana na mlango wa boksi la chuma huku mguu mmoja nimeukaza ukutani kama mtu anang'oa jino la ng'ombe.

Ilikuwa 2016. Nimeenda kusoma, nimepanga chumba cha chini kwa jamaa mmoja Mmarekani, mtu poa sana, ndevu kama nabii, tatizo lake kila anachoanza kinaishia njiani. Gitaa lina nyuzi nne. Pikipiki imefunguliwa injini, boliti ziko kwenye bakuli la uji. Na huko kwenye banda la gari ndo kulikuwa na mashine yenyewe.

Sasa kwa asiyejua habari za Colorado, wale walipiga kura Novemba 2012 bangi ikaruhusiwa kwa watu wazima, Januari 2014 maduka yakafunguliwa, watu wakapanga foleni kwenye baridi kama wanagombea sukari ya kaya. Mwenyeji wangu naye akapata wazimu wa kutengeneza "mafuta", yaani utomvu mzito wa bangi unaotolewa kwa gesi ya biutani, ile ile ya viberiti vya gesi. Shida ni kwamba gesi haiondoki yote, nyingine inajificha mle ndani ya utomvu, na hapo ndo inapoingia hiyo oveni: ina pampu inanyonya hewa yote, presha ikishuka gesi inatoka yenyewe hata kwa joto dogo, utomvu hauungui na harufu haipotei. Jamaa akanunua oveni, akanunua na pampu. Akatumia mara chache tu, maana biutani ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni kimya kimya kama nyoka mpaka ikutane na kile kimoto cha hita ya maji, halafu ukuta unahama. Nyumba za watu zililipuka kweli, hadi 2015 jimbo likapiga marufuku mtu asiye na leseni kufanya mambo hayo nyumbani. Jamaa akaogopa, akahamia kukandamiza bangi kwa pasi ya nywele ya dada yake, haina gesi haina nini, oveni ikabaki inakula vumbi.

Ila haya yote niliyajua jioni. Asubuhi nilichokijua ni kimoja tu, kwamba kwenye banda la gari kuna oveni.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Watanzania tunakutana kusherehekea Muungano, na kwenye grupu la WhatsApp mama mmoja, mtu mzima tunayemheshimu wote, alikuwa ametupiga dongo kwamba vijana siku hizi mnakuja na mikono mitupu mkijitahidi sana soda. Mi kiherehere changu kikaniwasha. Nikaandika: mama, nakuja na skonzi arobaini. Nimeandika arobaini mwenyewe, hakuna aliyenishikia bunduki.

Unga nikakanda, chachu ikakubali, nawasha oveni ya jikoni haiwaki. Koili imekufa. Namtumia mwenyeji meseji akiwa kazini, oveni ya jikoni imekufa nafanyaje, kajibu kwa ufupi: tumia ya kwenye banda. Yeye alimaanisha kioveni cha kuchomea mkate, kile kidogo, kiko juu kabisa ya shelfu nyuma ya makopo ya rangi. Mi naingia macho yanatua kwenye boksi zuri la chuma linang'aa, kioo kinene mlangoni, namba nyekundu za joto, geji juu, na bomba linaenda kwenye kitu kama kompresa ya friji. Nikajisemea hawa watu wameendelea, oveni ina hadi feni yake ya nje.

Ndani chini kulikuwa na madoa ya kahawia yananata kama ulimbo. Nikajua ni jamu. Nikafuta kidogo na kitambaa nikaona inatosha, moto utaua.

Nikaweka 180, nikasubiri ipate joto, nikapanga skonzi kumi na mbili za mwanzo, nikapaka yai juu, nikafunga, nikachomeka ile "feni". Ikaanza kuunguruma mmmmmmm, mshale wa geji ukaanza kutembea. Mi nafurahi. Na skonzi, ndugu zangu, zikaanza kuvimba! Sio kuvimba kwa kawaida, zilivimba kama zimesifiwa, dakika mbili tu kila moja imekuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, moja ikafika mpaka kwenye kioo ikakibusu. Nikachukua video nikarusha grupuni, nikaandika "chachu ya Marekani haina masihara". Mama akajibu hapo hapo: mwanangu, wewe mke wa nini tena? Makopakopa kibao. Aisee nilijiona.

Halafu mambo yakageuka. Lile yai la juu likaanza kutoa mapovu, linachemka, na unga wenyewe unahema kama chura. Pampu ikabadilisha sauti kutoka mmmmm ikawa gulu gulu gulu, na moshi mweupe ukaanza kutoka kichwani kwake. Ile pampu ina kidirisha kidogo pembeni unaona oili, asubuhi ilikuwa ya dhahabu safi kama asali ya Tabora, nachungulia sasa hivi imekuwa chai ya maziwa. Na hapo hapo ikaja harufu. Ile jamu haikuwa jamu.

Banda lote likajaa bangi. Nikafungua mlango mkubwa wa banda hewa ipite, kosa, harufu ikaenda mtaani, jirani akapita na mbwa wake, akasimama, akavuta pumzi ndeeefu, akanionyesha dole gumba akaendelea na safari yake. Mi huku jasho. Maana elewa hesabu yangu ilivyokuwa, bangi jimbo la Colorado limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na viza yangu imetolewa na serikali kuu. Nikajiona nimeshikwa mkono napandishwa ndege, nashuka Songwe, mama na kwaya yake wanasubiri.

Nikakimbilia kufungua oveni. Haifunguki. Lachi imeachia, mlango haujasogea hata unywele. Nikavuta. Nikakaza mguu ukutani nikavuta. Nikaomba kwa Kinyakyusa nikavuta. Wapi. Nikaja kupiga hesabu baadaye, mlango ule ni kama sentimita 30 kwa 30, ndani hakuna hewa, nje hewa yote ya Denver inausukuma, ni kama kilo 750, yaani bajaji mbili zimeegeshwa juu ya mlango na mi nazivuta kwa glavu za jikoni zenye picha ya kuku.

Basi akili ikaniambia zima hii feni. Nikachomoa waya. Hapo ndo nilipoharibu kabisa, kumbe unatakiwa ufunge valvu kwanza ndo uzime, usipofunga ndani bado kuna njaa ya hewa, inavuta chochote kilichopo upande wa pili. Nikaona kwa macho yangu ile chai ya maziwa inapanda kwenye bomba, taratibu kama mtoto ananyonya juisi kwa mrija, nasema we we we we wapi unaenda, ikaingia ndani ikatema pwaaa juu ya skonzi. Pampu ya bei chee, haina cha kuzuia oili isirudi.

Nikashika valvu ya kwanza niliyoiona nikazungusha. FYUUUUUU! Hewa ikaingia kwa hasira, na skonzi zote kumi na mbili zikanywea kwa pamoja, sekunde moja, kama zimepewa taarifa ya msiba. Mlango ukafunguka wenyewe kwa upole kabisa, kana kwamba hatukuwa tunagombana.

Nilichokitoa mle sijui nikiiteje. Chini, pale zilipogusa bati, zimekuwa mkaa. Juu nyeupe, zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Katikati unga mbichi, na ukigusa wa baridi! Nilisimama pale nashika skonzi iliyoungua na kupoa kwa wakati mmoja, nikaanza kuamini uchawi.

Mwenyeji karudi jioni kanikuta nimekaa kwenye ngazi, trei magotini. Nikamweleza. Hakusema kitu, akaenda akaangalia oveni, akaangalia pampu, akarudi akakaa chini akacheka mpaka akaomba maji. Ndo akanifundisha sasa. Kwamba oveni bila hewa haioki vizuri, joto halina hewa ya kulibeba, linapita zaidi pale kitu kinapogusa bati. Kwamba maji ukiyanyonyea hewa yanachemka hata kwa joto la chumbani, kwa hiyo skonzi zangu hazikuiva, zilichemka maji yake yakaondoka na joto zikabaki na ubaridi, na ule mvuke ukaenda kujichanganya na oili ya pampu. Anaongea kwa uchungu kidogo, unaona kabisa yeye mwenyewe kila somo alilipata kwa kuumia. Akaniambia alivyoinunua alirudisha pampu dukani akidai ni mbovu, maana maelekezo yanasema mshale ufike karibu 30 na ya kwake inagoma kwenye 24, kumbe Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi, hakuna zaidi ya kunyonya. Hapo mi nikapata la kujidai kidogo, nikamwambia kwetu Mbeya ni juu zaidi ya hapa, na bibi yangu bila geji yoyote alijua kwamba maharage ya huko yanataka kuni za mchana kutwa. Akakubali bibi ni mwanasayansi. Halafu akanidai galoni ya oili mpya.

Basi Jumapili asubuhi, skonzi sina, grupuni video ina makopakopa thelathini. Nikapita supamaketi nikanunua mikate midogo ya duara pakti nne, nikaimwaga kwenye hotipoti, nikafunika na kitenge. Uso mkavu.

Naingia ukumbini, mama yule akanifuata mikono imefunguliwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ndo wewe wa skonzi!" Akanikumbatia. Akabaki pale pale shingoni kwangu. Kimya. Akanusa mara moja, akanusa ya pili. Koti lilikuwa ni lile lile la banda.

"Mwanangu, unaishi na nani huko?"

"Na Mmarekani, mama."

"Mmm."

Akanishika mkono mpaka mezani, akafunua kitenge, akachukua skonzi moja akaigeuza chini juu kama anavyogeuza mtu aliyeuza maandazi miaka ishirini. Kulikuwa na kastika keupe kamenata kwa chini, bei na tarehe ya kuisha muda. Akakabandua kwa ukucha, akakabandika kifuani kwangu kwenye lile koti, akaing'ata ile skonzi.

"Chachu ya Marekani," akasema.