Aloi, nishati na umakini: nani asimamie ghala la himaya ya angani?

Ukicheza Stellaris, gemu ya kompyuta ya kuendesha himaya angani, kwa saa kadhaa utafika mahali ghala la madini limejaa pomoni, nishati inazidi matumizi, na bado huwezi kuunda manowari hata moja kwa kuwa aloi, yaani metali iliyosindikwa kutoka kwenye madini, zimekwisha. Kuna wachezaji ambao kwao hapo ndipo gemu inapoanza kunoga. Wengine hapo ndipo wanapozima kompyuta. Makundi haya mawili yanabishana juu ya kiasi cha uchumi ambacho mchezaji aachiwe akisimamie, tangu enzi za gemu ya Master of Orion, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali.

Master of Orion ilitoka mwaka 1993. Ni Alan Emrich, akiiandikia katika jarida la Computer Gaming World mwaka huohuo, aliyeipa aina hii ya michezo jina la 4X, kwa kazi nne zinazofanywa ndani yake: kupeleleza, kutanuka, kuchuma rasilimali na kuangamiza wapinzani. Uchumi wake ulikuwa mwepesi mno ukiutazama leo. Kila sayari ilikuwa na mistari mitano tu ya kusogeza: meli, ulinzi, viwanda, mazingira na utafiti. Ukiongeza viwanda bila kuyapa mazingira fungu lake, taka hulundikana na sayari hubeba watu wachache zaidi. Basi. Himaya yenye makoloni mengi iliendeshwa kwa dakika chache kila zamu. Toleo la pili, la mwaka 1996, liliwagawa wakazi kuwa wakulima, wafanyakazi na wanasayansi, na kuipa kila sayari foleni yake ya ujenzi. Ladha iliongezeka, na kazi pia.

Tangu hapo mwelekeo umekuwa wa kuongeza. Stellaris yenyewe, kutoka kampuni ya Paradox, ilianza mwaka 2016 na sayari zilizokatwa vigae: mkazi mmoja juu ya kigae kimoja, anatoa kilichopo hapo. Desemba 2018, toleo la 2.2 lilivitupa vigae vyote. Sasa wakazi wanashika ajira katika wilaya na majengo. Madini hayajengi manowari tena moja kwa moja. Lazima yapitie kwa mafundi wanaoyageuza aloi, au yaende kwa wale wanaotengeneza bidhaa za matumizi, ambazo nazo huliwa na watafiti. Rasilimali zikawa mnyororo.

Wanaoutetea mnyororo huu wana haki kwa jambo moja kubwa. Rasilimali ya kukusanya tu haikulazimishi kuchagua. Unachuma nyingi kadiri uwezavyo. Madini yaleyale yanapogombewa na mtambo wa aloi na maabara, kila manowari inakuwa na gharama inayoonekana: utafiti ambao haukufanyika. Himaya inayojiandaa kwa vita inabadilika sura. Viwanda vya bidhaa vinapungua, wakazi wananuna, teknolojia inadorora, na jirani asiyependa vita anakupita kimyakimya. Soko la ndani ya gemu linaziba mapengo, lakini bei hupanda kadiri unavyonunua na juu yake kuna ada. Anayetegemea kununua aloi katikati ya vita atajikuta akiuza chakula, nishati na kila kilichobaki ili apate kidogo. Hapo ndipo anapojifunza kwamba ghala lililojaa madini si utajiri. Ni ushahidi kwamba viwanda vya kuyasindika vilichelewa kujengwa.

Mfano uliokithiri wa upande huu ni Aurora, gemu ya bure ambayo Steve Walmsley ameitengeneza peke yake kwa miaka mingi. Skrini yake ni majedwali matupu. Ina madini 11 ya kubuni, na kila machimbo yana kiasi chake na kiwango cha urahisi wa kuchimbika, na yanakauka kweli. Duranium inahitajika karibu kila mahali, Gallicite ni ya injini, Sorium ndiyo inayotoa mafuta. Unaweza kuwa na meli bora kwenye karatasi na usiweze kuziunda kwa sababu madini ya aina moja yamekwisha nyumbani na yaliyobaki yako kwenye kimondo kisichofikika. Wanaoipenda hawaipendi licha ya hesabu hizo, wanazifuata hizohizo. Kuwaambia kwamba gemu ingekuwa bora na rasilimali tatu ni kutojua wanacheza nini.

Kuna pia kisa cha EVE Online, ingawa hiyo ni dunia ya maelfu ya wachezaji kwa pamoja na si gemu ya mkakati kwa maana kamili. Januari 2014, ada ya kumiliki eneo katika mfumo wa nyota wa B-R5RB haikulipwa. Wapinzani wakauvamia, na vita iliyofuata iliteketeza meli 75 za daraja la Titan, kubwa kuliko zote, na hasara yote ya vita ikakadiriwa kufika dola 300,000 za Marekani au zaidi. Anayedhani uhasibu hauna msisimko aanzie hapo.

Lakini tugeuke. Ukiwa na sayari moja, kumhamisha mkazi kutoka shambani kwenda kiwandani ni uamuzi mkubwa. Ukiwa na sayari 40, kumhamisha mmoja hakuonekani hata kwenye mizania, ila mibofyo unayohitaji ni ileile. Idadi ya maamuzi inapanda na himaya, uzito wa kila uamuzi unashuka. Hili ndilo tatizo halisi la michezo hii, na wanaolalamika kwamba nusu ya pili ya mchezo inachosha si wavivu. Juu ya skrini utaona nishati, madini, chakula, aloi. Hutaona rasilimali inayokwisha kabla ya zote, yaani umakini wa mchezaji.

Waundaji wanalijua hili siku nyingi, na dawa yao ya kawaida imekuwa kukasimu. Stellaris ilipotoka, mchezaji aliruhusiwa kusimamia mwenyewe sayari chache tu. Zilizozidi alitakiwa kuziweka katika kanda zinazoendeshwa na kompyuta, la sivyo aadhibiwe. Wachezaji walichukia, kwa sababu kanda zilijenga ovyo. Master of Orion 3, ya mwaka 2003, ilianza na wazo la kijasiri zaidi. Emrich, ambaye safari hii alikuwa miongoni mwa wasanifu, alitaka umakini wenyewe uwe rasilimali inayohesabiwa: kila zamu mtawala ana pointi kadhaa za kuingilia mambo, zikiisha amekwisha. Wazo hilo liliondolewa kabla gemu haijatoka. Walibaki magavana wa kompyuta, bila kile kizuizi ambacho kingewapa maana, na wachezaji wakatumia muda wao kufuta walichoamua magavana. Ni kama kuajiri msaidizi kisha ukashinda ukimkagua: kazi inakuwa mara mbili. Nadhani wazo la pointi lilistahili nafasi kuliko gemu yenyewe ilivyostahili, na inashangaza kwamba ni wachache walioligusa tena.

Distant Worlds, iliyoanza mwaka 2010, ilipita njia tofauti. Humo sehemu kubwa ya uchumi si mali yako kabisa. Meli za mizigo, za abiria na za kuchimba madini ni za sekta binafsi. Zinajiendea zenyewe kutafuta faida, na dola inapata kodi, pamoja na malipo pale sekta hiyo inapoagiza meli kwenye bandari za serikali. Tofauti na magavana ni ya msingi: gavana anafanya kazi yako vibaya, mfanyabiashara anafanya kazi yake. Huna sababu ya kumfuatilia. Kasoro yake inajitokeza upungufu unapoingia. Ujenzi umesimama kwa kukosa madini fulani, na huwezi kuiamuru meli ya mizigo iyalete. Unaweza kujenga mgodi karibu, kulinda njia, kisha kungoja. Wengine huita hiyo siasa ya kweli. Anayecheza ili ashike usukani huiona kama kufungwa mikono.

Je, suluhisho ni kupunguza rasilimali? Sins of a Solar Empire ya mwaka 2008 ina tatu tu, fedha, metali na kioo, na bado ina uamuzi mmoja ninaoupenda kuliko minyororo mingi. Ukitafiti ili uruhusiwe kuwa na kundi kubwa zaidi la manowari, sehemu ya mapato yako inakatwa moja kwa moja. Haijalishi kama manowari hizo umeziunda au zimelipuliwa zote, makato yanaendelea. Uamuzi mmoja, unaoufanya mara chache, unaokuganda hadi mwisho. Homeworld ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi: rasilimali moja, lakini kilichobaki unahama nacho kwenda misheni inayofuata, kama unavyohama na meli zilizonusurika.

Hata hivyo uchache haukuikinga Homeworld. Kwa kuwa salio lilihamishika na hapakuwa na saa inayokukimbiza, ilikulipa kungoja wakusanyaji wamalize kila jiwe baada ya adui kuisha. Watu walingoja kweli, wakiangalia vyombo vinavyojikokota. Homeworld 2, mwaka 2003, ilifuta usumbufu huo kwa kukukusanyia mabaki yenyewe misheni inapokwisha. Ikaleta mwingine: nguvu ya adui ilipimwa kwa ukubwa wa kundi lako, hivyo uwekevu ukawa hauna tija, na wajanja wakawa wanavunja meli zao kabla ya kurukia misheni inayofuata. Wingi au uchache wa rasilimali, kwa hiyo, si kipimo. Kipimo ni kama uamuzi wa uchumi unabaki na uzito himaya inapokua, na hapo Sins inawashinda wengi wanaojisifu kwa kina.

Upande wa mnyororo una deni jingine lisilozungumzwa sana: wapinzani wa kompyuta. Baada ya toleo la 2.2, himaya za kompyuta katika Stellaris zilishindwa kuendesha uchumi uleule uliokusudiwa kumpa mchezaji changamoto, na ilichukua masasisho mengi kuzirekebisha. Kwenye ngazi za juu za ugumu hupewa nyongeza ya uzalishaji. Upendeleo wa namna hiyo ni wa zamani, hata Master of Orion ya kwanza ilikuwa nao, ila hapa unauma zaidi. Unajifunza kwa saa nyingi namna ya kulinganisha aloi na bidhaa, halafu unapambana na mtu anayepokea ruzuku kutoka nje ya galaksi.

Toleo la 4.0 la Stellaris, la Mei 2025, limegusa mizani tena. Wakazi sasa huhesabiwa kwa makundi makubwa badala ya mmoja mmoja, na biashara imekuwa rasilimali ya kuwekwa akiba, inayolipia sayari zisizojitosheleza na manowari zilizo mbali na nyumbani. Sehemu ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu inaweka bei juu ya umbali na juu ya uzembe wa mipango bila kudai mbofyo mmoja wa ziada. Ila bei hiyo italeta mashindano pale tu himaya za kompyuta nazo zitakapoilipa kwa ukamilifu, bila nyongeza ya kuwafidia.